Historia ya Mwalimu Mkeka, Kama Alivyotaka Isomwe

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na wote mliokuja kumsindikiza dada yetu, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya marehemu kwa ufupi, ingawa marehemu mwenyewe aliacha maneno kwamba yasisomwe kwa ufupi, yasomwe yote, na hasa ile sehemu ambayo familia yoyote ingependa kuiruka. Tulibishana juu ya hilo jana sebuleni, kaka yetu mkubwa akasema msibani si mahali pa kumvua mtu nguo, na mume wa marehemu, ambaye tangu tumjue si mtu wa maneno mengi, akasema, "Yeye kasema isomwe, basi isomwe," na ubishi ukaishia hapo. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kituo cha malori, kwa baba dereva na mama mfuma masweta. Shule aliianza vibaya, na tunalisema hilo bila aibu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia huku akicheka, kwamba mpaka anaingia darasa la tatu hakuwa anajua kusoma hata jina lake, kwamba mwalimu alimwita ubaoni, akampa chaki, akamsubiri, darasa zima likasubiri, mkono ukagoma, akachapwa, akarudi kukaa, na kesho yake ikawa hivyohivyo. Nyumbani alionekana mzito wa kichwa, na mama alishaanza kumfundisha kufuma ili angalau asikose yote. Kilichomfungua ni lori la baba, ambalo mlango wake wa nyuma ulikuwa na maandishi ya chuma yaliyochomoza, na yeye, akiwa amepewa kazi ya kuliosha kila Jumamosi, alipitisha kitambaa, kisha vidole, juu ya zile herufi, wiki baada ya wiki, mpaka vidole vikazijua kabla ya macho, na siku moja akamkimbilia baba kumwambia pale mlangoni pameandikwa nini. Baba alidhani ameambiwa na utingo, akachukua gazeti lililokuwa kwenye kiti cha mbele, akamfungulia, na mtoto akasoma, polepole na kwa kukwamakwama, lakini akasoma.

Baada ya hapo hakukamatika tena, akamaliza sekondari mwaka 1974, na mwaka 1977 akahitimu chuo cha ualimu wa watoto wadogo, ambako ndiko alikokutana na mfumo wa Montessori. Siku mkufunzi alipopanga mezani herufi zilizokatwa kwa msasa na kubandikwa juu ya vibao, akawaambia wanafunzi wafumbe macho na kuzipitia kwa vidole viwili huku wakitamka sauti ya herufi badala ya jina lake, marehemu aliangua kilio, wenzake wakadhani ameletewa habari za msiba. Alitueleza baadaye kwamba alilia kwa hasira, maana kumbe jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kile, na bado yeye alichapwa kwa ajili yake.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika shule ya chekechea iliyokuwa chumba kimoja kirefu, zamani ghala la duka la vitambaa, chenye madirisha mapana, sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu na rafu fupi zilizomfika mtu mzima magotini, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu. Waliopitia mikononi mwake, na naona wengi wenu mmo humu mkiwa na mvi zenu, mnakumbuka jinsi kila mtoto alivyochukua mkeka wake wa kitambaa kizito, akautandika sakafuni, akaleta kikapu chenye vitu vidogovidogo, ufunguo, kifungo, kijiko, kisha akaleta sanduku la herufi za mbao, irabu zikiwa za buluu na konsonanti nyekundu, akatamka jina la kitu, akasikiliza sauti zake, akazitafuta herufi moja moja na kuzipanga, hivyo kwamba mtoto asiyeweza hata kushika penseli aliweza kuandika, na akikosea hakuambiwa kitu, aliachwa mpaka sikio lake limwambie mwenyewe. Sheria ya chumba ilikuwa moja, nayo ni kwamba mkeka wa mtu ni ua wake, haukanyagwi, hauvukwi, na aliye kazini juu yake hasemeshwi, hata na mwalimu. Ndipo watoto wakambatiza Mwalimu Mkeka, na jina likamfuata mpaka sokoni, wala yeye hakuiacha sheria yake kazini, kwani hata nyumbani kwetu ukitaka kukatiza mbele ya mtoto anayecheza na visoda vyake alikuwa akikuzuia na kusema, "Zunguka, bwana, kuna mtu kazini."

Ndoa yake ililetwa na herufi a, na hili hatulitungi. Sanduku la kwanza la shule lilitengenezwa kwa kufuata mfano wa nje, lina x za kutosha na q za kutosha, ambazo watoto walizigeuza mikasi na miiko, lakini herufi a zilikuwa chache mno, wakati mtoto wetu hata hajafika mbali, ameandika baba, mama, kaka na dada tu, a zimekwisha, na mwenzake wa mkeka wa pili anaanza kulia. Marehemu akaenda kwa seremala kijana aliyekuwa na banda lake karibu na kituo cha mafuta, akaagiza a zaidi, wiki iliyofuata akarudi kuagiza nyingine, na nyingine tena, mpaka yule seremala akamuuliza, "Mwalimu, hizi a mnazikaanga au mnazichemsha?" Alikuja kukiri, wakiwa wameshaoana, kwamba kazi yote angeweza kuimaliza kwa mara moja, lakini alikuwa akimpa chache chache ili apate sababu ya kurudi. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1983 na wa kike mwaka 1986, na seremala huyo, shemeji yetu, ndiye mgane aliyekaa pale mbele leo.

Sasa tunafika pale alipotaka tusiparuke.

Mwaka 1990 shule ilimpokea mtoto wa kike wa miaka minne, binti wa mshonaji aliyekuwa akiishi mtaa wa tatu kutoka shuleni, mtoto mwenye maneno kiasi kwamba walimu walimwita Chiriku kabla hawajalishika jina lake, aliyeimba akivaa viatu, aliyesema na kijiko chake, na ambaye alizijua sauti za herufi haraka kuliko wenzake kwa sababu hakuwa na muda wa kukaa kimya. Asubuhi ya tarehe 17 Oktoba mwaka huo Chiriku alitandika mkeka wake, akaleta sanduku, akaanza kupanga neno, kisha akalala kifudifudi, shavu juu ya herufi. Watoto hulala hivyo wakizama kazini, na marehemu alilijua hilo vizuri, tena wiki iliyotangulia alikuwa amemkemea msaidizi wake, dada mgeni kazini, kwa kuwakatiza watoto ovyo ovyo. Msaidizi alikuja akasema, "Mwalimu, Chiriku kalala," marehemu akaangalia, akaona vidole vya mtoto vimeshika herufi, akasema, "Mwache, anafanya kazi." Msaidizi akarudi tena baada ya muda na kusema, "Mwalimu, naona kama hayuko sawa," na marehemu akamjibu, kwa sauti ya chini aliyoitumia darasani na kwa maneno aliyokuja kuyarudia maisha yake yote, "Dada, mkeka wa mtoto hauvukwi." Ilipofika saa ya kucheza nje, watoto wote wakakunja mikeka yao, na mmoja ukabaki umetandikwa, marehemu akapiga magoti, akamgusa mtoto paji la uso, naye alikuwa anawaka, na shingo yake imekakamaa.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Marehemu alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka zahanati, na kutoka hapo mtoto akapelekwa hospitali kubwa, akapona, Mungu ashukuriwe, akarudi nyumbani anatembea, anakula, anacheka, lakini mama yake alipoangusha mkasi sakafuni nyuma yake hakugeuka. Masikio yalikuwa yamekwenda yote mawili. Marehemu alimfuata daktari na kumuuliza kama saa zile ambazo mtoto aliachwa juu ya mkeka ndizo zilizomponza, daktari akamwambia kwamba huenda ndiyo, huenda sivyo, hakuna mtu duniani anayeweza kusema, na sisi tuliomjua tunaona heri angeambiwa ndiyo, kwa sababu ndiyo ingekuwa na mwisho wake.

Alikwenda kwa mshonaji kuomba radhi. Mama Chiriku alisimama mlangoni, uzi ukiwa bado mdomoni, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulimuona," na akafunga mlango. Marehemu alikwenda mara ya pili, mlango haukufunguliwa, na baada ya hapo hakwenda tena. Aliacha kufundisha, akawa anashinda bandani kwa mumewe akipiga msasa mbao ambazo hazikuhitaji kupigwa msasa, na mumewe akawa anamwachia tu, anamletea nyingine. Alikuwa na watoto wadogo wawili nyumbani ambao kila akiwaona wamekaa kimya aliwashtua, akawagusa shingo, akawauliza maswali ili wamjibu, na binti yake anakumbuka kwamba kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kucheza bila kuongea.

Ilipita miezi mingi. Siku moja mchana, mshonaji alitokea bandani akiwa amemshika Chiriku mkono, na kwa kuwa shemeji yetu alikuwepo akipiga randa, tunayajua maneno aliyoyasema mshonaji, nayo ni haya, "Sijakusamehe, usije ukadhani. Lakini huyu anachora herufi zako kwenye vitambaa vya wateja kwa chaki yangu, usiku na mchana, na mimi sijui nimfanyeje. Nimemleta asome." Marehemu alifuta vumbi la mbao mikononi, akamshika mtoto mkono wa pili, na kwa muda kidogo, kwa maneno ya shemeji, walisimama hivyo wote watatu kama watu wanaotaka kuvuka barabara.

Walimu wenzake waliomo humu watashuhudia jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu, kwa kuwa njia yote aliyoijua ilisimama juu ya sauti, mtoto asikie, kisha atafute herufi, na huyu alikuwa na sauti nusu tu alizozishika kabla hazijamtoka. Marehemu alirudi shuleni, asubuhi akawafundisha wengine, na alasiri, chumba kikiwa kitupu, akakaa sakafuni na Chiriku, akauweka mkono wa mtoto kooni mwake ili ahisi mtetemo wa z na m, akashika kipande cha karatasi mbele ya midomo ili mtoto aone p inavyokirusha, akaweka kioo kati yao, akarudi kwenye herufi za msasa, vidole viwili, tena na tena, na pale sauti iliposhindikana kabisa akaacha kuing'ang'ania, akampa kitu, akampa neno zima, akamwacha ashike umbo lake kwa mikono. Siku nyingine walimaliza alasiri yote bila kupata kitu, na marehemu alirudi nyumbani akiwa hana hata hamu ya kusalimia. Chiriku naye hakuwa malaika, alikuwa akichoka anamwaga sanduku zima, herufi zikatapakaa mpaka chini ya rafu, na mwalimu wake akazikusanya zote na kuanza upya bila kumkunjia uso. Muda wote huo mama yake alikuwa akikaa nje kwenye ngazi na kazi yake ya mkono mapajani, haingii, haongei, na ikifika saa ya kuondoka anasimama, anamchukua mtoto, anakwenda.

Chiriku alisoma. Aliingia shule ya watoto viziwi mwaka 1994 akiwa anasoma vitabu ambavyo wenzake wa rika lake hawajavifikia, akaendelea, na leo ni mchora ramani za majengo katika ofisi inayomtegemea, ana mume na mtoto, na yumo humu ndani, anasomewa haya kwa ishara na mwanawe. Na kwa kuwa alikuja kumfundisha mwalimu wake lugha ya ishara, hao wawili walikuwa wakisengenya watu mbele yao bila wenyewe kujua, jambo ambalo baadhi yenu mlilishuku, na leo tunawathibitishia.

Tangu mwaka ule marehemu hakuishika tena ile sheria kwa namna ileile. Watoto walibaki nayo, lakini yeye mwenyewe kila asubuhi alizunguka mkeka kwa mkeka, akipitisha mgongo wa mkono kwenye kila paji la uso, na mkaguzi mmoja alipomwambia kwamba anawavuruga watoto na ni kinyume cha mfumo, alimjibu, "Andika tu, baba, uandike na saa niliyowagusa," akaendelea na mzunguko wake. Alifanya hivyo mpaka siku ya kustaafu, mwaka 2016.

Kuhusu mama Chiriku, tuseme ukweli kwamba miaka yote hiyo hawakuwahi kukaa wakazungumza. Walisalimiana barabarani kwa vichwa. Kila likizo ndefu mshonaji alipita shuleni, bila kuitwa na mtu, akachukua mikeka iliyochakaa, akairudisha imepigwa pindo jipya, akaiweka mlangoni na kuondoka, naye marehemu alipoulizwa maana ya jambo hilo alisema mama yule ni mtu wa kazi nzuri, hapendi kuona kitambaa kinachanika. Chiriku alipomtembelea, swali la kwanza la marehemu lilikuwa daima, "Mama yako hajambo?" na Chiriku akijibu hajambo, mazungumzo yakahamia kwingine. Dada yetu alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mtu mmoja, na hakuthubutu kukiomba mara ya tatu.

Mwaka 2020 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu, akaenda na kurudi hospitali kwa uvumilivu uliotushinda sisi wauguzaji wake, akiwatania wauguzi kwamba mashine yao inapiga kelele kuliko darasa la watoto wa miaka mitatu. Mwezi Mei mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, na hapo ndipo alipoagiza historia yake isomwe yote, akasema hataki kuzikwa kama mtu asiyekosea. Alfajiri ya tarehe 6 Juni 2023, mumewe akiwa amemshika mkono, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao walimhudumia kama mama yao, inawashukuru majirani mliopokezana kupika na kulala nasi, inawashukuru walimu wenzake, waliokuwa wasaidizi wake, na kwa namna ya pekee yule dada aliyemwambia mara mbili, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ileile na rafiki yake wa karibu mpaka mwisho. Tunamshukuru Chiriku, aliyekuwa akija hospitali kila akitoka ofisini.

Mwisho tunamshukuru mama Chiriku. Alikuja wodini asubuhi ile ya tarehe 6, amevaa vizuri, amebeba uji, akakuta muuguzi anabadilisha shuka. Hakukaa. Jana alikuja nyumbani, akasikia tunavyobishana juu ya historia hii, akaniita pembeni, akaomba kwamba kama itasomwa, na neno lake lisomwe, nami nikamwahidi, na ndilo hili: "Nilimsamehe zamani sana, mtoto hata hajamaliza kusoma kwake. Nilidhani anajua."

Dada, umesikia mwenyewe, amekusamehe, na imesomwa yote mbele ya watu kama ulivyotaka. Sasa pumzika kwa amani.